Kuchimba Ming'oko

Mwezi wa saba, Kitangari, ukungu haujainuka,
nami sijalala.
Tangu mnada wa mwisho kichwa changu ni mizani ya chama:
gunia linapanda, gunia linashuka,
themanini na moja, themanini na nusu,
andika, karani, andika.

Mama alimwita fundi, akafukiza ubani, akanichanja.
Shemeji akasema ni pepo dume, linadai kilemba.
Jirani, mtu wa ibada, akasema dua zangu ni fupi.
Mwingine: nenda Newala, simama pale Shimo la Mungu,
bonde likikutazama utapoa.
Sikwenda.
Mtu asiyelala asisimame ukingoni.

Zahanati walinipa vidonge, kimoja kila usiku,
na jina la mtu: Somoe Nampota, mshauri,
chumba cha mwisho, karibu na friji ya chanjo.
Nilikuta kiti kimoja tu.
"Cha pili kimevunjika," alisema, "tutoke."
Jembe lilikuwa limeegemea mlango,
kama mtu aliyewahi foleni.

Mng'oko haupendi papara.
Juu ni kamba tu, uzi mkavu uliojizungusha kichakani,
wapita njia huudhani takataka.
Unaushika kwa vidole viwili,
unaufuata mpaka unapozama mchangani,
hapo unapiga magoti.
Ukiuvuta, umekatika.
Ukishusha jembe kwa hasira, umekatika,
na chakula kimebaki chini kinakucheka.

"Taratibu, Chitanda. Kwani leo nani anapima?"

Wiki ya kwanza tulichimba kimya.
Aliuliza tu mchanga una baridi kiasi gani.
Wiki ya pili, jana nilikula nini.
(Sikuwa nimekula. Akatoa makopa mfukoni, tukatafuna.)
Ya tatu nilikata mizizi mitano, nikatukana,
naye akatukana, kwa Kimakonde, vizuri kuliko mimi.
Nikacheka. Kicheko kilitoka kwa shida,
kama mlango wenye bawaba za kutu.

Ya nne, mkono ukiwa shimoni hadi kwapani,
shavu limelala juu ya mchanga,
nikauambia mzizi, si yeye:

Mdogo wangu Ismaili alikuja ghalani siku ya foleni.
Alitaka elfu sitini ampeleke mkewe Ndanda.
Nilikuwa nazo.
Nikasema, subiri malipo ya pili.
Malipo ya pili yalikuja.
Mkewe hakuyasubiri.

Somoe hakusema pole.
Hakusema si kosa lako, hakusema ndivyo ilivyoandikwa,
wala jikaze wewe ni mwanaume.
Alilala kifudifudi upande wa pili wa shimo,
gauni lake la kazi na vumbi lote lile,
akafukua kwa kucha
mpaka vidole vyetu vikakutana chini ya kile kitu,
kirefu, kizima, chenye nywele,
tukakitoa pamoja.

Kisha: "Rudisha kichwa cha mzizi. Jaza shimo.
Ukiliacha wazi, mwakani huna kitu,
na mbuzi wa watu atavunjika mguu."

Usiniulize kama nimepona.
Kidonge nakinywa bado, saa tatu usiku, na maji ya kununua.
Niliwahi kukiacha, akanikaripia hadharani:
"Jembe halijamkataza dawa, Chitanda,
na dawa haijamkataza jembe!"
Kuna usiku mizani inapanda tena.
Hapo nautafuta mchanga uliobaki chini ya kucha,
nahesabu huo,
na mchanga, tofauti na korosho,
hakuna anayekuja asubuhi kudai jumla.

Juzi nilimpelekea Ismaili ming'oko,
imechemshwa na chumvi, bado inatoa mvuke.
Hakunikaribisha ndani.
Alipokea sufuria, akaitazama, akafunga mlango.
Basi sufuria yangu iko kwake.
Siku moja ataileta,
au nitaifuata.